Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Mtu achimbaye bwawa jipya la samaki wa koi nyumbani kwake huvutwa kwanza na rangi zao: wekundu, weupe, weusi na wa dhahabu. Hulijaza bwawa maji safi, akaona hata mawe yaliyo chini, na siku ile ile akatia samaki kumi au ishirini. Haupiti mwezi ila samaki huanza kuhema juu ya maji, kisha wakafa mmoja baada ya mmoja. Mwenyewe hustaajabu, maana maji bado ni maangavu. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa vijana, sababu ya msiba huu. Kwani wangavu wa maji si uzima wa maji.

Koi hawa asili yao ni milima ya Niigata, nchini Japani. Wakulima wa mpunga waliwafuga kwa chakula, na katika karne ya 19 wakaanza kuwachagua wale waliozaliwa na rangi. Mwaka 1914 walionyeshwa katika maonyesho makubwa mjini Tokyo, na sifa yao ikaenea. Koi aweza kufika sentimita 60 na zaidi, na huishi miaka mingi. Basi amnunuaye akiwa sawa na kidole na ajue kwamba amechukua dhamana ndefu. Yafaa bwawa lake lisipungue kina cha sentimita 120, wala maji yake yasipungue lita 4,000.

Samaki hula, hupumua na hujisaidia katika maji yale yale. Taka yake kubwa ni amonia, ambayo nyingi hutoka kwa njia ya matamvua. Haionekani kwa macho, nayo huyaunguza matamvua hayo hayo. Na ukali wake huzidi maji yakiwa na joto. Mtoni mkondo huichukua. Bwawani haina pa kwenda.

Dawa yake ni vijidudu vidogo mno, ambavyo Sergei Winogradsky, mtaalamu wa Urusi, alivichunguza kiasi cha mwaka 1890. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huizuia damu ya samaki isichukue oksijeni, hata ikawa na rangi ya kahawia. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni kidogo, na hupunguzwa kwa kubadili maji. Lakini katika bwawa jipya vijidudu hivi ni haba. Aghalabu huchukua wiki 4 hadi 8 kuenea, na zaidi ya hapo maji yakiwa baridi. Hapo ndipo samaki wa mwenye haraka wanapoangamia.

Kwa hiyo chujio lina kazi mbili. Ya kwanza ni kunasa mavi ya samaki, majani na mabaki ya chakula, kwa brashi au sifongo. Ya pili ni kuwapa vijidudu makao, kama vile changarawe au vipande vya plastiki vyenye matundu mengi, ambamo maji hupita bila kukoma. Maji yote yapite chujioni kila saa mbili. Bwawa la lita 10,000 lahitaji pampu ya kuvuta lita 5,000 kwa saa. Pampu isizimwe usiku, kwani vijidudu navyo huhitaji oksijeni. Tena ukoga na majani ya majini hutumia oksijeni gizani. Ndiyo maana samaki wengi huonekana wakihema alfajiri. Maji ya joto huchukua oksijeni kidogo kuliko ya baridi, basi katika nchi za joto maporomoko madogo au pampu ya hewa ni lazima.

Maji ya bomba yenye klorini huua vijidudu na kudhuru samaki. Yatiwe kwanza dawa ya kuiondoa. Makao ya vijidudu yasioshwe kwa maji ya bomba, bali kwa maji ya bwawa lenyewe. Tia samaki wawili watatu tu mwanzoni, uwape chakula kidogo, na upime amonia na nitriti mara kwa mara. Vikipanda, punguza chakula na ubadili sehemu ya maji. Nitriti ikizidi, chumvi kilo 1 katika lita 1,000 huwakinga samaki wakati unaendelea kubadili maji. Usiongeze samaki mpaka vipimo vyote viwili visome sifuri kwa siku kadhaa mfululizo.

Enyi vijana, fedha hununua samaki na pampu kwa siku moja, lakini haiwezi kununua zile wiki nane. Kiumbe aliyetiwa bwawani hawezi kuhama wala kusema maji yamemwunguza. Aliyemtia ndiye ajuaye kupima, na ndiye atakayeulizwa.