Siku Tatu Kando ya Ziwa: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili

DINI ZA DUNIA KWA WANAFUNZI WETU – Makala ya pili

Wiki iliyopita tulianza nyumbani, kwa Wasukuma na Wakerewe: Mungu aliye mbali, Liwelelo, na masamva walio karibu. Leo tunazifuata dini zilizokuja kwa miguu na kwa mitumbwi.

Katika shule ya sekondari niliyofundisha miaka mingi hapa Mwanza, kipindi cha dini kilikuwa Ijumaa kabla ya adhuhuri. Kengele ikilia, darasa linagawanyika. Waislamu wanaelekea chumba cha mwisho kwa ustadhi. Wakatoliki wanakwenda chini ya mwembe kwa katekista. Vijana wa kanisa la AIC wanabaki darasani, Wasabato wanakaa kwenye ngazi za maabara. Dakika arobaini baadaye wote wamerudi, wawili wawili kwenye dawati, na hakuna anayemuuliza mwenzake: umefundishwa nini? Jambo hilo liliniuma mwaka hadi mwaka, nalo ndilo lililonifanya niandike mfululizo huu. Watoto wanaoazimana kalamu na kugawana muhogo wa mapumziko wanamaliza kidato cha nne bila kujua jirani anaamini nini wala alikitoa wapi.

Siku moja msichana mmoja wa Majita, Msabato, aliinua mkono katika somo langu la historia. “Mwalimu, kama Sabato ni siku ya saba, mbona tunaiita Jumamosi? Mosi si moja?”

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile lilibeba historia nzima ya dini kandokando ya ziwa hili.

Tuhesabu pamoja. Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano ni ya tano. Inayofuata tungetarajia iwe ya sita, lakini inaitwa Alhamisi, na kwa Kiarabu neno hilo linatokana na tano. Kwa hiyo wiki yetu ina siku za tano mbili, kwa kuwa ndani yake kuna hesabu mbili. Waarabu huhesabu kuanzia Jumapili, wanayoiita al-ahad, yaani ya kwanza. Alhamisi yao inaangukia tano sawasawa, na siku ya saba wanaiita as-sabt, ndugu wa neno Sabato. Waswahili wa pwani walianza kuhesabu upya mara baada ya Ijumaa, kwa sababu kwao Ijumaa ndiyo kilele cha juma. Mwenye kuhesabu alikuwa Mwislamu, na hesabu yake tunaitumia wote, hata Mkristo anapotangaza ibada ya Jumapili.

Basi tuanze na Ijumaa. Neno lenyewe maana yake ni kukusanyika, na kutoka shina hilo tumepata jamaa, jamii na jumuiya. Wakatoliki wanaposali katika jumuiya ndogondogo mitaani Kirumba na Igoma, wanatumia neno lililozaliwa pamoja na Ijumaa. Adhuhuri ya siku hiyo Waislamu wanaume wanatakiwa kuacha biashara, kusikiliza hotuba na kusali rakaa mbili kwa jamaa, badala ya nne za siku nyingine.

Wanaamini nini? Kwamba Mungu ni mmoja, hana mshirika wala mwana, na kwamba Muhammad, aliyezaliwa Makka karibu na mwaka 570, ni mtume wake wa mwisho, baada ya Ibrahimu, Musa na Isa. Waislamu wanaamini kwamba alianza kupokea Kurani mwaka 610. Mwaka 622 alihamia Madina, na kuhama huko, Hijra, ndiko wanakoanzia kuhesabu miaka. Nguzo za dini ni tano: shahada, sala, zaka, saumu ya Ramadhani na hija kwa mwenye uwezo. Mwanafunzi asiye Mwislamu ataziona nguzo hizo kwa macho yake akiishi jirani nao mwaka mmoja tu.

Hapa nina jambo la kuwaonyesha. Mwislamu husali akielekea kibla, yaani Makka. Kutoka Mwanza, Makka iko kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo, kwa hiyo anayesali hapa mjini anaelekea ziwani, karibu upande ule ule wa visiwa vya Ukerewe. Kule Kampala kibla ni hicho hicho cha kaskazini, ila ziwa linabaki mgongoni. Tena hapo mwanzo kibla hakikuwa Makka. Waislamu wa kwanza waliielekea Yerusalemu, na wakageuka wakiwa Madina, karibu na mwaka 624. Jambo hilo peke yake linatosha kutuonyesha kwamba Uislamu, Uyahudi na Ukristo ni jamaa wa ukoo mmoja.

Njia ya Uislamu kufika huku ilikuwa njia ya misafara: kutoka pwani hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi ziwani. Waliouleta hawakuwa wahubiri kwa kazi, walikuwa wafanyabiashara, na lazima tuseme wazi kwamba pamoja na nguo na shanga misafara ile ilibeba pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alikuwa kwa Kabaka Suna wa Buganda. Inasimuliwa kwamba alimwambia mfalme huyo uso kwa uso kuwa watu anaowaua wameumbwa na Mungu. Mrithi wa Suna, Mutesa, alifunga Ramadhani miaka kadhaa. Lakini vijana wa ikulu walipoishika dini kuliko yeye, wakakataa hata nyama aliyochinja asiye Mwislamu, aliamuru wauawe. Makumi walikufa Namugongo, karibu na mwaka 1876. Miaka kumi baadaye, tarehe 3 Juni 1886, mahali hapo hapo, mwanawe Mwanga aliwachoma moto vijana Wakristo, tunaowakumbuka kama Mashahidi wa Uganda. Wanafunzi wengi wanajua habari ya pili. Ya kwanza nimewauliza mara nyingi, na wanaoijua ni wachache, hata miongoni mwa Waislamu.

Sasa Jumamosi. Sabato ni ya Wayahudi kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Katika Torati, Mungu aliumba kwa siku sita na ya saba akapumzika. Basi mtu naye apumzike, na mtumwa wake, na mgeni, hata ng'ombe wake. Siku hiyo inaanza Ijumaa jua likizama na kwisha Jumamosi jua likizama. Msomaji wa bara anaweza kuona ajabu siku kuanzia jioni, ila wazee wa pwani hawashangai: kwao usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jioni. Wayahudi na Waswahili wanakutana hapo.

Wayahudi hapa Mwanza hutawaona kirahisi. Lakini zunguka ziwa, pita Kampala, nenda hadi Mbale chini ya Mlima Elgon, utawakuta Abayudaya. Kiongozi wao Semei Kakungulu alikuwa jemadari Mganda aliyewatumikia Waingereza, kisha akakosana nao. Akiisoma Biblia aliona kwamba sheria za Musa, pamoja na tohara na Sabato, zimeandikwa wazi lakini wahubiri hawazifuati. Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wafuasi wake. Wakati ule hakuna Myahudi aliyewaendea kuwaingiza dini. Waliingia kwa kusoma.

Wasabato wa Majita na Musoma walifika kwa njia nyingine. Wao ni Wakristo, na kanisa lao, la Waadventista, liliundwa rasmi Marekani mwaka 1863, likishikilia kwamba amri ya siku ya saba haikufutwa na kwamba Kristo yu karibu kurudi. Mwaka 1906 wamisionari wao walianza kazi Gendia, upande wa Kenya, na kabla ya vita ya 1914 Wajerumani wa kanisa hilo walikuwa wamekwisha kufika ukanda wa Majita. Ukitaka kuiona imani hiyo usiende kanisani kwanza. Nenda mwaloni Ijumaa alasiri, kipindi cha giza, mbalamwezi ikiwa haipo na dagaa wanafuata taa. Wavuvi wengine wanapakia nyavu na kujaribu taa moja moja. Mvuvi Msabato anavuta mtumbwi wake mchangani, anaufunga, anabeba kasia begani na kwenda kuoga kabla jua halijazama. Usiku ule dagaa watavuliwa na wengine. Yeye anaijua hasara yake kwa ndoo.

Jumapili inatokana na kaburi tupu. Yesu, Myahudi wa Galilaya, alisulubiwa Yerusalemu na Warumi chini ya Pontio Pilato. Wafuasi wake walishuhudia kwamba alifufuka siku ya kwanza ya juma, wakaanza kukusanyika siku hiyo kuumega mkate. Mwaka 321 Kaisari Konstantino akaamuru iwe siku ya mapumziko. Kiini cha imani ya Mkristo ni kwamba Mungu mmoja ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na kwamba katika Yesu alifanyika mtu. Hapo ndipo Mwislamu anapoachana naye, kwani kwake Isa ni mtume mkubwa aliyezaliwa na bikira, lakini si Mungu. Mwalimu asiifiche tofauti hiyo kwa kupenda amani. Amani ya kutojua huvunjika mara ya kwanza watu wanapoulizana.

Wakristo walipofika ziwani tayari walikuwa wamegawanyika. Kiongozi wa misheni ya Kianglikana ya CMS, Shergold Smith, alikuwa Ukerewe mwaka 1877 pamoja na mwenzake O'Neill. Mfanyabiashara Mwislamu, Songoro, alikosana na mtemi Lukonge, akakimbilia kambini mwao. Smith alikataa kumtoa. Mwezi Desemba kambi ilishambuliwa, na Waingereza wale wawili na Songoro wakauawa. Habari hiyo huisomi katika vitabu vingi vya shule, nami ningependa kila mwanafunzi wa Nansio aijue.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Desemba, Mapadri Weupe wa Kikatoliki walifika Kageye, ambayo leo iko wilaya ya Magu. Kanzu zao nyeupe na rozari shingoni zilitokana na mavazi ya Waislamu wa Algeria, kwa kuwa huko ndiko Lavigerie alikoanzisha shirika lao mwaka 1868. Padri Lourdel na Bruda Amans walitangulia kwa mtumbwi, wakatia nanga Buganda tarehe 17 Februari 1879. Huko walimkuta Alexander Mackay, fundi Mskoti wa CMS. Mbele ya Mutesa, Lourdel na Mackay wakabishana: nani ana mamlaka, Papa au Biblia peke yake? Ulikuwa ugomvi wa tangu Luther, 1517, na sasa unasikilizwa na mfalme wa ziwani huku Mackay akiueleza kwa Kiswahili. Mackay aliandika kwamba Mutesa alishangaa kuona kila taifa la Wazungu lina dini yake. Waganda nao wakayaita makundi hayo Wangereza na Wafransa, na Januari 1892 yakapigana kwa bunduki Mengo.

Misukosuko hiyo ndiyo iliyozijaza pwani zetu za kusini. Mapadri walipoondoka Buganda walijenga Bukumbi mwaka 1883. Mackay alipofukuzwa mwaka 1887 alihamia Usambiro, akachapa Injili kwa Kiganda, akafa kwa homa Februari 1890. Mwanga mwenyewe, aliyewachoma mashahidi, alipopinduliwa alivuka ziwa hadi Magu, kisha akapata hifadhi kwa mapadri wa Bukumbi.

Tazameni pia maneno tunayosalia. Kanisa, msalaba, Injili, malaika, askofu, dhambi, imani: yote tumeyapata kwa Kiarabu, ingawa mengine asili yake ni ya mbali zaidi. Padri ni Kireno. Mungu ni neno letu wenyewe la Kibantu, lililokuwapo kabla ya wote. Wamisionari walikuta lugha imekwisha kufundishwa kusali, wakaitumia.

Narudi darasani. Ijumaa zile, darasa lilipogawanyika, kijana mmoja hakwenda popote. Baba yake alikuwa nfumu, mganga wa jadi, na katika rejista ya wakati ule, kwenye safu ya dini, mtu alikuwa ameandika “hana”. Siku ya swali la Jumamosi nilimgeukia nikamwuliza: “Na kwenu, mwanangu, mnaadhimisha siku gani?” Akafikiri. Akasema hawana siku ya juma: ni siku mapacha wanapozaliwa, siku mvua inapokawia, siku babu anapokuja ndotoni. Kisha akauliza kama anaweza kueleza ya mapacha. Alieleza hadi kengele ikalia, akiwa amesimama, na msichana wa Majita alikuwa akiandika.

Wiki ijayo: mwaka 1928 reli inafika Mwanza kutoka Tabora. Tutaingia kwa Wahindu, ambao Jumatatu ni siku ya Shiva, tutawatembelea Masingasinga na Waismailia, kisha tutavuka ziwa hadi kituo cha Wabudha karibu na Entebbe.