Askari Kijana Ughaibuni Wakati wa Amani

Kwa mujibu wa sheria ya Marekani ya mwaka 1951, kijana aliyeitwa jeshini kwa lazima alipaswa kutumika miezi 24, na wengi katika hao, baada ya mafunzo ya awali, walipakiwa katika meli za jeshi, wakavuka bahari ya Atlantiki, wakateremshwa bandari ya Bremerhaven, na kutoka huko wakasafirishwa kwa gari moshi hadi makambi ya Ujerumani Magharibi, nchi ambayo ndugu zao wakubwa waliiingia kwa vita. Maisha yao yastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa yadhihirisha ya kwamba askari wa wakati wa amani kazi yake kubwa ni kungoja, na kungoja hali uko tayari ni taabu yenye elimu yake.

Alfajiri tarumbeta ilipolia, kijana alitandika kitanda pasibaki kunyanzi, akapanga vitu vyake sandukuni kwa utaratibu ule ule wa mwenzake wa kitanda cha pili, kisha akatoka gwaridani kuhesabiwa. Mchana ulimpitia katika karakana, akisafisha na kutia mafuta vifaru na malori ambayo siku hiyo hayakwenda popote. Zamu ilipomwangukia, alimenya viazi na kusugua masufuria jikoni, au alishika lindo la bohari usiku wa theluji. Machoni pake mengi katika haya yalikuwa upuuzi, wala si ajabu, kwani sababu yake ilikuwa mbali na upeo wa macho yake: karibu na Fulda, yapata kilomita 100 kutoka Frankfurt, ndipo majemadari walipotazamia kwamba majeshi ya Urusi yangepenya endapo vita vingezuka. Kwa hiyo king'ora cha tahadhari kililia usiku bila taarifa, na kikosi kizima kikatakiwa kiondoke upesi, pasipo askari kujua kama ni zoezi au ni kweli. Na gari lililosahauliwa jana lilimfedhehesha mwenyewe usiku huo.

Ndani ya kambi jeshi lilimjengea kijana kijimji cha kwao: duka lenye bidhaa za Marekani, sinema, kanisa, maktaba, redio ya jeshi iliyopiga muziki wa nyumbani, na gazeti la Stars and Stripes, hata fedha yake, mpaka mwaka 1958, ilikuwa hati maalumu zilizotolewa badala ya dola ili kuzuia magendo. Hiyo ilikuwa ihsani ya kweli kwa kijana aliyeshikwa na hamu ya wazazi wake, lakini ilikuwa na madhara pia, maana aliweza kumaliza muda wake asimjue Mjerumani yeyote ila dobi na muuza pombe.

Waliotoka nje ya lango walipata mengi. Dola 1 ilibadilishwa kwa marka 4.20, hata mshahara mdogo ukatosha nauli ya kwenda kuitazama Heidelberg siku ya ruhusa. Kwa askari weusi faida ilizidi. Rais Truman aliamuru mwaka 1948 ubaguzi ukomeshwe jeshini, na kufikia mwaka 1954 vikosi vya weusi peke yao vilikuwa vimevunjwa. Lakini kusini mwa Marekani askari huyo huyo, ingawa amevaa sare ya taifa lake, alikatazwa kuketi mkahawani pamoja na wazungu. Colin Powell, aliyekuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitumika Gelnhausen katika ujana wa uluteni wake, naye ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi askari weusi walivyoonja Ujerumani uhuru walionyimwa kwao.

Ndiyo maana naitakidi ya kuwa taifa likimpeleka kijana ng'ambo halijatimiza wajibu wake kwa kumpa chakula, mshahara na silaha tu. Na limfundishe pia lugha ya wenyeji, limpe ruhusa kwa haki, na limwekee maofisa wa kumhimiza aitumie vyema. Kwa kuwa saa za lindo zamweka tayari kwa vita, bali saa za faragha yake ndizo ziamuazo kama atarejea kwao amewajua watu aliotumwa kuwalinda.