Redio, matanga na maoni ya umma Gusii

Mwananchi wa Kisii au Nyamira asikiapo habari ya siasa redioni, ni nadra aamue peke yake. Huibeba hadi kituo cha kununulia chai, kanisani na matangani. Huko ndiko habari hugeuka msimamo.

Mtaalamu Paul Lazarsfeld na wenzake waligundua jambo kama hilo mbali na Gusii. Walipowachunguza wapigakura wa kaunti ya Erie, jimbo la Ohio nchini Marekani, katika uchaguzi wa 1940, walibaini kwamba redio na magazeti hayakuwabadilisha wengi moja kwa moja. Ujumbe uliwafikia kwanza wachache wanaofuatilia mambo, nao wakawafikishia jirani zao. Gusii wachache hao ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mwendeshaji bodaboda na, siku hizi, msimamizi wa kundi la WhatsApp.

Matanga yana uzito wa pekee, kwani mwanasiasa hupata umati asioualika. Februari 2021, mbunge wa Dagoretti Kaskazini Simba Arati na mwenzake wa Mugirango Kusini, Silvanus Osoro, walikabiliana mazishini Kisii mbele ya Raila Odinga na William Ruto. Vurugu za dakika chache zilitawala habari nchini. Yaliyosemwa kuhusu marehemu yalisahaulika upesi. Mwaka uliofuata Arati alichaguliwa gavana wa Kisii, naye Osoro akarejea bungeni. Kinachowaudhi wahariri wa Nairobi, kumbe, si lazima kimuudhi mpigakura.

Hatari kubwa zaidi iko mpakani. Huko Chebilat, kati ya Borabu na Sotik, Mkisii husikiliza Egesa FM kwa Ekegusii, ilhali jirani yake Mkipsigis husikiliza Kass FM kwa Kikalenjin. Kisa kimoja cha wizi wa ng'ombe chaweza kusimuliwa mara mbili, kila upande ukijiona ndio ulioonewa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zilifika mpaka huo, na Tume ya Waki baadaye ilizilaumu baadhi ya redio za lugha za kiasili kwa kueneza chuki. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua Sang, alishtakiwa The Hague. Kesi hiyo ilisitishwa Aprili 2016.

Tatizo huzidi wapigaji simu wanaporuhusiwa kusema lolote hewani. Mhariri wa gazeti ana saa kadhaa za kuthibitisha neno. Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi ana sekunde tu, na neno likishamponyoka, wakulima watakuwa wamelijadili kwenye foleni ya majani chai kabla kanusho halijatolewa.