Kioo cha kompyuta kikipasuka, soma namba ya mgongoni kabla ya kutoa pesa

KALAMU iliyosahaulika juu ya kibodi inatosha. Mtu anafunga kompyuta mpakato kwa haraka, anasikia mlio mdogo, na akiifungua anakuta nyufa na madoa meusi kama wino. Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, au mwalimu aliyehifadhi humo alama za muhula mzima, kazi imesimama.

Lakini kazi hizo hazijapotea, kwa sababu hazikai kwenye kioo. Kioo ni spea kama tairi la baiskeli, na kwenye mpakato nyingi za kawaida hubadilishwa nyumbani kwa bisibisi ndogo na subira. Kinachowaponza wengi si kufungua mashine, bali kununua kioo kisicho chake. Kwa anayeishi Goma, Bujumbura au Kigali na kuagiza spea Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, kosa hilo huuma mara mbili: nauli ya kurudisha mzigo nayo ni yake.

Hakikisha ugonjwa kwanza

Unganisha mpakato na runinga kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea safi, mashine ni nzima na mgonjwa ni kioo. Tumia nafasi hiyo kunakili kazi zako kwenye flashi. Picha ikiwa mbovu hata kwenye runinga, usinunue kioo, mpelekee fundi.

Nunua kwa namba, si kwa jina

Kumwambia muuzaji “nataka kioo cha HP” au “cha Dell” hakutoshi. Kampuni hizo hununua vioo kwa watengenezaji kama LG Display, BOE, AUO na Innolux, na mashine mbili za toleo moja zaweza kuwa na vioo tofauti. Kwa hiyo fungua kwanza, kisha ndipo ununue. Mgongoni mwa kioo kuna karatasi yenye namba, kwa mfano inayoanza na NT156WHM. Hiyo 156 ni inchi 15.6. Ipige picha umtumie muuzaji.

Akikupa kioo cha namba nyingine, linganisha mambo manne. Kwanza ni ukubwa: inchi 15.6 ni kama sentimita 39.6 kutoka kona hadi kona ya mkabala. Pili ni wingi wa nukta, kama 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080. Tatu ni idadi ya pini, ambazo huwa 30 au 40. Nne ni mahali ilipo plagi na masikio ya skrubu. Pini zikitofautiana, usikubali kuambiwa “itaingia tu”.

Hatua kwa hatua

Zima mashine kabisa na uchomoe chaji. Toa betri; ikiwa iko ndani, fungua kifuniko cha chini na uchomoe plagi yake. Hatua hii usiiruke. Kuchomeka waya wa kioo huku umeme ungalipo kunaweza kuunguza fyuzi ya taa ya kioo kwenye bodi kuu, na hapo hata kioo kipya kitabaki giza.

Gusa chuma kuondoa umeme tuli mwilini. Kagua fremu inayozunguka kioo: vifuniko vidogo vya mpira huficha skrubu. Zikitoka, bandua fremu taratibu kwa kadi ya plastiki, si kwa kisu. Kioo chenyewe hushikwa na skrubu au, kwenye mashine mpya, na utepe wa gundi unaovutwa polepole kutoka upande wa chini.

Laza kioo kifudifudi juu ya kibodi iliyotandikwa kitambaa. Bandua utepe uliofunika plagi, inua kishikio chake kama kipo, kisha itelezeshe itoke. Usivute waya. Chomeka kioo kipya, rudisha betri na uwashe kabla ya kufunga chochote. Kikiwaka vizuri, zima, toa betri tena, kisha funga.

Kazi ya kumwachia fundi

Kioo cha kugusa kwa kidole mara nyingi kimegandishwa na kioo cha juu kwa gundi. Kwenye MacBook za kisasa kwa kawaida hubadilishwa kifuniko kizima. Hapo hesabu gharama kabla ya kuanza.

Ukiagiza ng’ambo ya mpaka

Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanajua cheti rahisi cha uasili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kioo kilichotengenezwa China hakimo, hivyo ulizia ushuru kabla ya kulipa, na ukubaliane na muuzaji kwa maandishi nani atabeba gharama kisipolingana.

Kioo cha zamani usikitupe jalalani. Vile vya kizamani vina taa za mirija yenye zebaki, ambayo ni sumu. Rwanda ina kiwanda cha kuchakata taka za elektroniki wilayani Bugesera. Kwingineko, mpe fundi anayekusanya spea. Plagi au fremu yake inaweza kuokoa mashine ya mwingine.