Picha Isiyo na Sura: Je, Ina Maana Gani?



Mara nyingi tumewasikia wazazi wakiguna mbele ya picha ambazo watoto wamerudi nazo kutoka shuleni: mistari imepishana, rangi zimekutana, wala hapaonekani mtu, mti wala nyumba. "Hii ni picha ya nini?" huuliza mzazi. Mtoto akijibu kuwa si ya kitu chochote, huambiwa amepoteza karatasi bure. Mwezi huu tunapenda kuitetea karatasi hiyo.

Sanaa dhahania ni sanaa isiyokusudia kuiga sura za vitu. Hutegemea rangi, mistari na maumbo kuamsha hisia. Aghalabu vitabu huieleza kuwa ilizaliwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ambapo kamera ilikuwa imekwisha kuichukua kazi ya kunakili sura. Wassily Kandinsky, Mrusi aliyeishi Munich, alitoa hoja kwamba rangi yaweza kuigusa roho kama muziki uigusavyo, bila ya kusimulia kisa. Mwaka 1915 Kazimir Malevich alionyesha mjini Petrograd mraba mweusi juu ya weupe, basi. Huko Uswidi, Hilma af Klint alikwisha kuanza kuchora picha za namna hiyo tangu 1906, ingawa ulimwengu ulichelewa mno kumtambua.

Lakini je, jambo hili ni geni kwetu? Bibi asukaye mkeka wa ukindu haigi sura ya mtu wala mnyama. Huzitia chane rangi, akasuka mashupatu, akayashona, na nakshi ikajitokeza. Hakuna aliyewahi kumuuliza bibi huyo mkeka wake ni picha ya nini. Kadhalika Wamakonde waliovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, wengi wao wakitafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, walikuza katika miaka ya 1950 na 1960 mitindo ya shetani na mawingu. Katika mawingu, gogo la mpingo huchongwa na kutobolewa hata likafanana na moshi upandao. Nao walikuwa wahamiaji kama sisi.

Hapa hapa Johannesburg, katika mtaa wa Turffontein, alizaliwa mwaka 1904 Ernest Mancoba. Alisomea ualimu, akajifunza kuchonga mbao, na sanamu yake ya Bikira Maria mwenye sura ya Kiafrika, ya mwaka 1929, ikampatia sifa. Mwaka 1936, yalipoandaliwa hapa maonyesho makubwa ya Dola ya Uingereza, serikali ilimtaka achonge vitu vya "kienyeji" vya kuwapendeza wageni. Akakataa. Mwaka 1938 akaondoka kwenda Paris.

Vita vilimkuta huko. Akiwa raia wa himaya ya Uingereza, alifungwa na Wajerumani kambini hadi 1944. Na humo humo, mwaka 1942, akamwoa mchongaji wa Kidenmark, Sonja Ferlov. Baada ya vita walishirikiana na wasanii wa kundi la CoBrA, lililoundwa mwaka 1948, ingawa jina lake liliachwa mara nyingi historia ya kundi hilo ilipoandikwa. Katika picha zake nyingi za baadaye, umbo la mtu limekuwa vijistari vyepesi vya rangi: lakaribia kutoweka, wala halitoweki. Aliiona tena nchi yake mwaka 1994, baada ya miaka 56, kazi zake na za mkewe zilipoonyeshwa katika Jumba la Sanaa la Johannesburg. Alifariki Ufaransa mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 98.

Waama, mtu huyu alikataa kuambiwa Mwafrika achonge nini. Hapo ndipo tuonapo mvuto wa sanaa hii: haimlazimishi msanii kuwa kielelezo cha kabila lake, wala haimlazimishi mtazamaji kupata jibu moja. Mwenye kuhama hawezi kuibeba nyumba yake. Lakini rangi ya udongo wa kwao na mshono wa mkeka wa bibi yake huvibeba.

Tunakiri kwamba enzi zetu za kufundisha, nasi tulisahihisha michoro kwa wino mwekundu, tukidai nyumba ifanane na nyumba. Hatujui ni watoto wangapi waliweka kalamu chini kwa ajili hiyo.

Basi wazazi wenzetu, mtoto akija tena na karatasi ya rangi, msimuulize ni picha ya nini. Muulizeni kwa nini ameweka nyekundu pale, na kwa nini mstari huu umekatika. Kisha tandikeni mkeka, mwonyesheni nakshi yake, na mwambieni ni nani aliyeusuka. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mtoto ajue kwamba hajaazima kitu cha watu.