Unauza jiko la kuni lililotumika? Lipime kwanza, usiuze kwa kilo

Leo tunaongelea kitu ambacho wengi tunacho nyuma ya banda na hatukihesabu kama mali.

Mwaka juzi niliuza jiko langu kubwa la kuni kwa shilingi 45,000. Nilikuwa nachemshia maji ya kunyonyolea kuku wa nyama, nikahamia kwenye gesi, jiko likabaki nje linanyeshewa. Akapita kijana wa vyuma chakavu, akatoa matofali ya ndani asije akalipia udongo, akapima, akanipa hela. Nikaona nimepata. Wiki chache baadaye naingia kwa mama lishe mmoja hapa Mafinga, nakuta jiko langu limepakwa rangi ya fedha, limewekwa matofali mapya, linawaka vizuri tu. Nikamuuliza bei. "Laki moja na themanini, bwana shamba. Na hapo nimebembeleza sana." Ugali ulinikaba.

Sasa mwezi uliopita kijana mmoja mfugaji akanipigia. Yeye kosa lake lilikuwa kinyume na langu: alitaka kuuza jiko la miaka miwili kwa 400,000, bei ileile aliyonunulia, ili aingize vifaranga. Lilikuwa limekaa miezi minne bila mteja. Nikaenda tukalikagua pamoja.

Kagua haya kabla hujataja bei

1. *Chumba cha moto.* Hapa ndipo jiko linapokufa. Toa majivu yote, gonga bati kwa nyundo ndogo pande zote. Bati zima linalia kwa sauti kali. Lililolika linatoa sauti butu, pengine linabonyea. Ukiona chuma kinabanduka magamba magamba, ujue kimeshakuwa chembamba.

2. *Matofali ya ndani.* Nyufa nyembamba ni kawaida, moto unazileta. Tofali linalocheza au lililomomonyoka hadi bati linaonekana, hilo ni gharama.

3. *Nondo zinazobeba kuni.* Zikipinda, kuni zinakaa kwenye majivu, hewa haipiti chini, moshi unajaa. Kubadilisha ni kazi ndogo kwa fundi wa kuchomelea.

4. *Mlango na bomba la moshi.* Mlango ufunge. Bomba ligonge masizi yatoke, kisha lielekeze juani uchungulie. Ukiona matundu, ni kutu.

Majivu yakilowa ndani ya jiko yanakula chuma haraka. Kama huliuzi leo, toa majivu, liweke chini ya paa.

Liwashe mbele ya mteja

Maneno hayauzi jiko, moto ndio unauza. Chukua mizani yako ya chakula cha kuku, pima kuni kavu kilo 10. Weka maji lita 20, funika, washa. Maji yakichemka, zima, pima kuni zilizobaki. Mteja akijua kuni anazotumia kwake kuchemsha maji kiasi hicho, hesabu anaifanya mwenyewe. Na wewe utajua: kama jiko linakula kuni sawa na mafiga matatu, huna cha kujivunia hapo zaidi ya chuma.

Hesabu ya bei

Hii ndiyo tuliyofanya na yule kijana:

- Jiko jipya la aina hiyo kwa fundi: 400,000
- Toa matengenezo (matofali na nondo): 70,000
- Toa usafiri wa mnunuzi: 30,000
- Inabaki: 300,000

Kijana akafurahi, akadhani tumemaliza. Bado. Kwa 300,000 mnunuzi anakuwa ametumia hela ileile ya jiko jipya, halafu amepata la zamani. Kwa nini asiende kwa fundi? Lazima umwachie kitu kwa ajili ya umri wa chuma. Tuliona bati bado zuri, tukatoa theluthi moja, ikabaki 200,000. "Lakini bwana shamba, si nililinunua laki nne?" Nikamwambia, hiyo laki nne imeshakuchemshia maji miaka miwili.

Bei ya chini kabisa ni ya chuma chakavu. Pima kilo, uliza bei kwa wanunuzi wawili watatu. Chini ya hapo usishuke. Bei yako ya haki ipo kati ya hiyo na hesabu ya hapo juu.

Nani ananunua?

Usisubiri shule wala taasisi kubwa. Serikali imeelekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Yaani wanunuzi wa majiko haya watapungua, na majiko yaliyotumika yataongezeka sokoni. Kama umeshahama, uza mapema. Waangalie mama lishe, wachinjaji wa nguruwe, na wafugaji wanaochemsha soya kabla ya kuchanganya chakula.

Mambo mawili ya mwisho. Usifiche ufa kwa rangi. Mji wetu mdogo, na kesho utamuuzia mtu huyohuyo kuku. Na mteja akisema analipeleka kwenye banda la vifaranga, mwambie wazi kwamba bila bomba la kutoa moshi nje litatoa gesi ya sumu isiyonukia, inaua vifaranga na mlinzi wao.

Yule kijana alitaja 230,000, akauza 210,000 kwa mfugaji wa nguruwe anayechemsha soya. Vifaranga aliingiza nusu ya alivyopanga. Hakufurahi sana, lakini banda lake lina kuku, na mimi bado nakula ugali uliopikwa kwenye jiko langu.