Usiposti ringi ya kaboni kabla hujaigonga kwa sarafu

Kama unauza spea za pikipiki mtandaoni, iko siku utaletewa mzigo huu: ringi nyeusi zenye msuko kama wa mkeka, nyepesi mkononi, na mwenye nazo anakwambia "hizi kaboni, mkuu, za pikipiki kubwa." Faida inavutia. Ila subiri kidogo kabla ya kupiga picha.

Kitu chenyewe kipo, si utani. Ringi ya kaboni faiba ni nyuzi za kaboni zilizoshikwa na gundi ngumu ya epoksi. BST ya Afrika Kusini inazitengeneza. BMW HP4 Race ya 2017, zilizotoka 750 tu, ilikuja nazo kiwandani. Ducati Superleggera V4 ya 2020 vilevile, na hizo zilikuwa 500. Mnunuzi analipia wepesi: gurudumu linawahi kuzunguka, linawahi kusimama, na pikipiki inalala kwenye kona bila kulazimishwa. Ikitengenezwa vizuri ni imara kweli, kwa hiyo anayesema "kaboni ni plastiki tu" naye hajui.

Shida ni namna inavyoharibika. Ringi ya alumini ikipiga shimo mara nyingi inabonyea au kupinda. Wewe unaona, fundi anaona. Kaboni haipindi. Inavumilia, inavumilia, halafu inapasuka, au tabaka za ndani zinaachana huku juu inang'aa kama mpya. Sasa picha yako ya Instagram itaonesha nini hapo? Na aliyepanda juu yake yuko kilomita 100 kwa saa.

Kwa hiyo ya mtumba igonge taratibu kwa sarafu, mzunguko mzima. Sauti iwe kali na ifanane. Ukifika mahali inatoa mlio butu, kama debe lililojaa mchanga, iweke pembeni. Kipimo hiki kinakamata mbovu tu, hakithibitishi nzima. Uhakika anao mtengenezaji au mwenye vifaa vya kupima ndani. Angalia pia ukingo tairi linapokaa, na pale kaboni inapokutana na kitovu cha alumini. Unyevu ukiingia hapo alumini huliwa, na mlioko Mombasa, Tanga na Zanzibar mnajua chumvi ya hewani inavyofanya kazi.

Halafu kuna zile ambazo si kaboni kabisa: alumini iliyochapwa michoro au kubandikwa stika. Kuuza ruksa, mradi uandike "alumini, muonekano wa kaboni". Ukikagua sehemu inayofunikwa na tairi, mara nyingi utakuta michoro imeishia njiani na chuma kinaonekana. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania zinataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo. Kepsheni yako ndo maelezo, na mteja ana skrinshoti.

Mtu wa bodaboda akiziulizia, mwambie ukweli hata kama oda inaondoka. Zimeundwa kwa modeli maalumu na mzigo maalumu, si abiria wawili na gunia la mkaa. Spoki ikilegea fundi wa kijiweni anaikaza. Kaboni iliyopasuka haichomelewi, na ukiona imejazwa gundi na kupakwa rangi, usiguse hata kwa bei ya kutupwa.

Tangazo lako liwe hivi: "Ringi ya mbele, kaboni, BST, imetumika. Namba ya ringi picha ya 2. Mkwaruzo ukingoni, picha ya 4. Imegongwa kwa sarafu tu, haijapimwa kwa mashine. Inaingia modeli hii pekee." Mteja akilipia, mtumie na ujumbe wa pili: tairi livalishwe kwa mashine yenye kinga za plastiki, sio tairi liva za chuma, na vyuma vya balansi viwe vya kubandika, sio vya kugongelea ukingoni.